Mizani Mbili: Sinema Bubu, Ndoa na Kashfa katika Kambi za Shaba za Katanga

Mwaka 1920 mwongozaji wa Kimarekani D. W. Griffith alitoa filamu iitwayo Way Down East. Ni filamu bubu. Maneno yake machache yameandikwa katika vibao vinavyokatiza picha. Msichana maskini wa shamba, Anna Moore, anakwenda Boston kuomba msaada kwa jamaa zake matajiri, na huko bwana mmoja mwenye mali, Lennox Sanderson, anamfungisha ndoa ya uongo. Akishapata mimba ndipo anapoambiwa kwamba hapakuwa na ndoa. Mtoto anazaliwa, kisha anakufa. Anna anapata kazi ya utumishi katika nyumba ya mkulima mcha Mungu, na siku habari zake zinapojulikana mkulima huyo anamwonyesha mlango, nje kukiwa na dhoruba ya theluji. Kabla ya kutoka, Anna anamnyoshea kidole mgeni mheshimiwa aliyealikwa mezani na mwenye nyumba. Mgeni huyo ni Sanderson.

Visa vya namna hii vilikuwa riziki ya kila siku ya sinema bubu. Katika Easy Virtue ya Alfred Hitchcock (1928), iliyotokana na tamthilia ya Noël Coward, mwanamke aliyeachwa mbele ya mahakama anafuatwa na sifa yake mbaya hata ndani ya ndoa ya pili, na familia ya mumewe mpya inamhukumu upya kwa hukumu iliyokwisha kutolewa. Swali la filamu hizi ni moja: iweje kosa lile lile la wawili lipimwe kwa mizani mbili, moja ya mwanamume na moja ya mwanamke, moja ya mwenye nyumba na moja ya mtumishi? Ni kweli kwamba melodrama aghalabu hulikimbia swali lake yenyewe. Anna anaokolewa juu ya barafu ya mto na hatimaye anaolewa na kijana mwema, na watazamaji wanakwenda zao wakiwa wamefuta machozi. Lakini kidole kimekwisha kunyoshwa, na waliokuwapo mezani wamekiona.

Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo lilivyofika, na lilivyozuiwa kufika, katika ukanda wa shaba wa Katanga: Elisabethville (leo Lubumbashi), Jadotville (leo Likasi) na hasa Kolwezi, ambayo tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Hoja yenyewe ni nyepesi kuieleza. Wakoloni walidai kwamba filamu za kashfa za ndoa zilizuiwa kwa Waafrika kwa sababu hawangezielewa. Ushahidi waelekea upande mwingine: zilizuiwa kwa sababu wangezielewa vizuri sana. Na wakati milango ya nyumba za Wazungu ilipofungwa hivyo mbele ya macho ya wafanyakazi, milango ya nyumba za wafanyakazi wenyewe ilikuwa wazi kwa kampuni, kwa serikali na kwa misheni.

Yafaa kuanza na mji wenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911. Ulikuwa mji wa wanaume. Wazungu wengi walikuja bila wake zao, na wafanyakazi Waafrika, walioandikishwa kwa mikataba mifupi, walikuja vilevile bila wake. Maafisa na mafundi wa Kizungu waliishi na wanawake Waafrika ambao walitajwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mtunza nyumba, neno la adabu lililofunika jambo ambalo kila mtu alilijua. Baadaye, wake wa Kizungu walipoanza kuja kwa wingi, mwanamke huyo wa kwanza alirudishwa kwao au alihamishiwa upande mwingine wa mji. Hakuna hakimu aliyeitwa kuamua kama ile ilikuwa ndoa.

Watoto waliozaliwa katika nyumba hizo walihesabiwa na serikali kuwa tatizo. Wengi waliondolewa mikononi mwa mama zao wakapelekwa katika misheni za mbali, na majina ya baba zao aghalabu hayakuandikwa. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni kwa jambo hilo. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa kutoka kwa mama zao huko Kasai kabla ya kufikia umri wa miaka saba, kwamba kitendo hicho kilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na ikaiamuru dola ya Ubelgiji imlipe kila mmoja wao euro 50,000. Mwenye kutaka kisa cha Anna Moore kilichotokea kweli anakipata hapo. Tofauti ni kwamba hiki hakikupigwa picha, na hapakuwa na Sanderson aliyenyoshewa kidole mbele ya wageni.

Upande wa wafanyakazi, ndoa ilipata historia nyingine kabisa. Katika miaka ya mwanzo vifo migodini na kambini vilikuwa vingi, na wanaume waliomaliza mikataba yao walirudi makwao wakiwa wamechoka na wenye hasira. Kila mara kampuni ililazimika kutafuta wengine, mbali zaidi na kwa gharama kubwa zaidi. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1920 Union Minière iligeuza siasa yake. Mikataba ya miaka mitatu ilianzishwa, wafanyakazi walitafutwa hata Ruanda-Urundi, na mwanamume alihimizwa kuja na mkewe. Asiyekuwa na mke aliweza kusaidiwa kulipa mahari. Mke na watoto walipewa posho yao. Elimu ya watoto wa kambini ilikabidhiwa wamisionari wa Kibenedikto, ambao askofu wao, Jean-Félix de Hemptinne, alikuwa mmoja wa watu wenye nguvu kubwa kabisa katika Katanga nzima. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika, aliieleza siasa hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1946, na maelezo yake hayana siri: mfanyakazi mwenye familia anaugua kidogo, anatoroka kwa nadra, na watoto wake ndio wafanyakazi wa kesho.

Hivyo ndoa ilikuwa chombo cha uzalishaji, kama ilivyokuwa tanuri. Jambo hili halipasi kusemwa kwa kejeli tupu, kwani familia nyingi zilipata hospitali, shule na chakula ambavyo hazingevipata kwingineko, na wazee wa kambi waliendelea kuyakumbuka mambo hayo kwa heshima muda mrefu baada ya kampuni kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameonyesha jinsi kampuni ilivyoonekana kuwa baba na mama wa wafanyakazi wake. Na kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu watoto wa Shaba walioachwa na baba yao kinaeleza yaliyowapata baba huyo alipoanguka. Lakini baba wa namna hiyo ana haki ya kuingia chumbani. Mkuu wa kambi alijua nani ni mke wa nani, nani amelala kwa nani, nani amerudi kwao bila ruhusa. Ugomvi wa mume na mke ulikuwa habari ya ofisi. Mwanamke aliyeachwa hakupoteza mume peke yake: alipoteza nyumba na posho siku ile ile.

Kolwezi ilijengwa katika hali hiyo. Mji wenyewe ulianzishwa na kampuni mwishoni mwa miaka ya 1930, ingawa mgodi wa Ruwe ulio karibu yake ulikuwa umefunguliwa zamani zaidi. Mitaa ya Wazungu iliwekwa upande mmoja na kambi za wafanyakazi, kama ile ya Musonoi, upande mwingine. Kambi ilikuwa na zahanati, shule, kanisa na uwanja wa michezo. Na katika uwanja kama huo, jioni maalumu, kitambaa cheupe kilitundikwa, na watu wakakusanyika kutazama sinema.

Kabla ya kuuliza walitazama nini, ni lazima kuangalia sheria. Katika miaka ya 1910 na 1920 sinema ya Wazungu wa Elisabethville ilikuwa bubu, kama ilivyokuwa bubu duniani kote, na habari za ndoa zilizovunjika, wake walioghilibiwa na mabwana wenye nyumba mbili zilikuwa burudani halali kwa aliyekuwa na ngozi na nauli ya kuingilia. Amri ya mwaka 1936 iliweka udhibiti wa filamu katika koloni. Amri ya mwaka 1945 ilikwenda mbali zaidi: ilimkataza mtu yeyote asiyekuwa wa asili ya Ulaya au Asia kuhudhuria maonyesho ya sinema, isipokuwa filamu zilizokaguliwa na kuruhusiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo filamu moja iliweza kuwa mafunzo ya maadili kwa mke wa mhandisi na sumu kwa mke wa mchimbaji. Mizani mbili ambazo melodrama ilizishtaki ndani ya hadithi zake ziliwekwa mlangoni mwa jumba lenyewe.

Sababu zilizotolewa zilivaa joho la elimu. L. Van Bever, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika shughuli za sinema, alichapisha mwaka 1952 kitabu kuhusu sinema kwa Waafrika ambamo alidai kwamba Mwafrika, kwa jumla, hajakomaa kwa sinema: picha zinazofuatana kwa kasi humchanganya, na mambo ya nafsi yasiyosemwa wazi humpita. Dai hili lilikuwa na wafuasi wengi, nao waliamini kwamba filamu inayofaa ni ile yenye hadithi fupi, mwendo wa polepole na funzo lililo wazi. Hata hivyo, mtu akisoma orodha ya mambo yaliyoogopwa na wakaguzi katika makoloni ya eneo hili, hakuti hofu ya kutoelewa. Anakuta wezi waliofanikiwa, askari walioshindwa, wanawake wa Kizungu waliovaa nusu uchi, mabusu, ulevi, uzinzi. Mtu hafichi kwa bidii kiasi hicho kitu ambacho anayekitazama hatakielewa.

Ng'ambo ya mpaka, katika ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), mambo yalikuwa hayo hayo kwa lugha ya Kiingereza. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954, aliona umati wa wachimbaji na familia zao wakitazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani katika uwanja wa wazi, wakipiga kelele, wakimshangilia shujaa ambaye, awe nani, jina lake lilikuwa Jeke. Filamu hizo zilikuwa zimepita katika mkasi wa mkaguzi. Ngumi ziliruhusiwa kwa wingi, busu lilikatwa. Mwenye kulinganisha haya anaweza kujiuliza ni maadili gani yaliyokuwa yakilindwa.

Jibu la busara ni kwamba kilicholindwa ni heshima ya nyumba ya Mzungu. Utawala ulisimama juu ya dai kwamba familia ya Kizungu, yaani mke mmoja, kitanda kimoja na meza yenye kitambaa cheupe, ndiyo kielelezo ambacho familia ya mfanyakazi ifundishwe kukifuata. Melodrama ya kashfa inaingia katika nyumba hiyo hiyo, inafunua pazia, na kuonyesha kwamba bwana ana siri, bibi ana machozi, na jirani ana ulimi. Filamu moja ya aina hiyo ingetosha kubomoa hotuba nyingi za mkuu wa kambi kuhusu ndoa bora.

Lakini hapa pana jambo ambalo wakaguzi hawakuwa na mkasi wa kulikata. Siri ya mtungi aijuaye kata. Watu waliokatazwa kuingia katika jumba la sinema ndio waliopika, waliofua, waliotandika vitanda na waliofungua mlango usiku katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville, Jadotville na Kolwezi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani. Maandishi hayo yalichapishwa na kufasiriwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Ni historia ya koloni kama ilivyotazamwa kutoka jikoni na barazani, na mwandishi wake hana shaka yoyote kwamba watumishi ndio walioujua mji. Boyi, kama alivyoitwa hata akiwa na mvi, hakuhitaji tikiti. Melodrama aliyokatazwa kuitazama kwenye kitambaa aliitazama kila siku katika chumba cha kulia, naye pia alitakiwa awe bubu.

Sinema iliyofika kambini ilikuwa ya namna nyingine: Charlot, yaani Charlie Chaplin, ambaye hakuhitaji tafsiri; wachunga ng'ombe; filamu za dini; filamu za usafi, za unyonyeshaji, za akiba. Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha karakana zao wenyewe za filamu baada ya Vita vya Pili vya Dunia: Padre Alexandre Van den Heuvel huko Léopoldville, Padre Van Haelst huko Luluabourg, ambaye vichekesho vyake vya Matamata na Pilipili vilipendwa sana, na Padre de Vloo huko Kivu. Ndoa ilikuwa mojawapo ya mada zao kubwa. Ila mgeuko uliofanyika hapa wastahili kutazamwa kwa makini. Katika melodrama ya Griffith anayeshtakiwa mwishoni ni bwana mwenye mali na jamii iliyomlinda. Katika filamu ya mafunzo anayeshtakiwa ni mke mvivu, mume mlevi, shangazi mwenye ushirikina. Mshahara, kambi na kampuni havionekani katika picha. Jamii ya juu imetoka mezani kimya kimya, na aliyenyoshewa kidole ni Anna.

Ububu wa filamu hizo ulidumu muda mrefu baada ya sauti kuenea duniani. Mitambo ya milimita 16 isiyo na sauti ilikuwa rahisi kubebeka na ya bei nafuu, na sauti ya Kifaransa isingewafaa watazamaji wengi. Kwa hiyo filamu ilihitaji msimulizi, mtu aliyesimama karibu na mashine akaeleza kinachotokea. Kambini palikuwa na watu wa makabila mengi, Waluba, Walunda, Wabemba, Wachokwe, Wanyarwanda na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho kampuni ilikuwa imekichagua kuwa lugha ya kazi kwa sababu zake yenyewe, mojawapo ikiwa ni kujitenga na lugha ya migodi ya kusini iliyonukia utawala wa Waingereza. Sauti ya sinema bubu katika kambi za shaba ilikuwa, basi, sauti ya Kiswahili.

Huu ulikuwa mwanya mkubwa kuliko ulivyokusudiwa. Picha isiyo na maneno haina mwenyewe. Mwanamke anafungua mdomo katika picha. Nani ajuaye kwa hakika alisema nini? Msimulizi aliyepewa maelezo ya Kifaransa aliyageuza kuwa maneno ya kambini, na maneno ya kambini yana uzito wa kambini: posho ikitajwa, kila mke uwanjani anajua ni siku gani, ofisi ikitajwa, kila mume anamjua aliyeketi humo. Watazamaji nao hawakukaa kimya. Walijibu, walimwonya mhusika, walimcheka mume aliyetegewa. Lililoelezwa na Powdermaker kuhusu Luanshya, kwamba watazamaji walishiriki kwa sauti kubwa kuliko filamu yenyewe, si ajabu kwa watu waliolelewa katika hadithi zenye kiitikio. Mwamuzi wa kashfa, ambaye katika jumba la Wazungu ni mtu mmoja mmoja gizani, hapa alikuwa uwanja mzima.

Nje ya uwanja, serikali iliendelea kuandika sheria za ndoa kwa Waafrika. Sheria ya tarehe 5 Julai 1948 ililinda ndoa ya mke mmoja iliyofungwa na kuandikishwa. Sheria ya tarehe 4 Aprili 1950 ilipiga marufuku ndoa mpya za wake wengi kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Katika miji, wanawake wazima walioishi bila mume walitozwa kodi ya peke yao, kana kwamba kuishi hivyo ni biashara, na wote, wajane, walioachwa, wachuuzi na wenye wapenzi, wakawekwa katika daftari moja la wanawake huru. Walioumizwa na kodi hiyo hawakunyamaza kila mahali: huko Usumbura (leo Bujumbura), katika mtaa wa Waswahili wa Buyenzi, wanawake Waislamu waliipinga katika miaka ya 1950 kwa kuwa iliwavunjia heshima kwa kuwaita malaya wasiokuwa malaya. Hakuna kodi iliyotozwa kwa mwanamume wa Kizungu aliyeishi bila mke. Hili halikuwa suala la kusahau. Neno lenyewe, mwanamke huru, lilimwonyesha mwanamke bila kumwonyesha mwanamume aliyekuwa naye, sawasawa na kijiji kinachomwona Anna bila kumwona Sanderson.

Jibu lisilotarajiwa kabisa lilitoka Kolwezi. Mwaka 1953 Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyejulikana tangu mwaka 1945 kwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, alipelekwa katika kambi za wachimbaji za Kolwezi. Huko, katika mazungumzo yake na wafanyakazi na wake zao, ilizaliwa Jamaa. Haikuwa chama chenye kadi. Mafundisho yake yalizunguka maneno matatu ya Kiswahili, uzima, uzazi na mapendo, na kiini chake kilikuwa ndoa: mtu hakuingia peke yake bali mume na mke kwa pamoja, wakiongozwa hatua kwa hatua na mume na mke waliotangulia, nao wakaitwa baba na mama. Willy De Craemer na Fabian, ambaye alifanya utafiti wake huko mwaka 1966 na 1967, wameeleza jinsi mume na mke walivyotakiwa kufunuliana mawazo yao, jambo geni kwa wengi, kwani mume kambini aliongea na wanaume na mke aliongea na wanawake.

Si vigumu kuona lililokuwa hatarini. Kampuni ilijiita baba na mama. Sasa wachimbaji walijiita wao kwa wao baba na mama. Kampuni iliichungulia ndoa ili kupata watoto na kazi. Jamaa ilisema kwamba uzazi si hesabu ya mkuu wa kambi bali ni fumbo la wawili na Mungu wao. Na kwa kuwa mafundisho hayo yalitolewa faraghani, usiku, kati ya watu waliooana, kashfa haikuchelewa. Watu wa nje walinong'ona juu ya mambo yafanyikayo katika nyumba za wanajamaa, na tawi lililoitwa Katete lilituhumiwa uasherati na kupigwa vita na Kanisa. Yapo yaliyokuwa na chanzo na yapo yaliyokuwa uvumi. Lakini mtindo wa tuhuma unajulikana. Wachimbaji na wake zao walipofunga mlango wao kwa mara ya kwanza, waliokuwa wamezoea mlango ulio wazi walidhani kwamba ndani mna uchafu. Tempels mwenyewe aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa Ubelgiji mwaka 1977.

Swali la mizani lilipata pia sauti ya kucheka. Wapiga gitaa wa Katanga, ambao Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, ndiye mashuhuri zaidi, waliimba kwa Kiswahili habari za mapenzi, pesa na nyumba zisizotulia. Kisha ukaja mchezo wa kuigiza. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, likiongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, lilijulikana kwanza redioni na baadaye katika televisheni kwa vichekesho vyake vya Kiswahili cha mjini: mume anayeficha mshahara, mke anayeujua mpango wote, mama mkwe asiyekwisha maneno, mwanamke wa pembeni anayebisha hodi siku isiyofaa. Hivi ni visa vya sinema bubu, vikiwa vimevuliwa theluji. Michezo hiyo haikuandikwa. Waigizaji walikubaliana juu ya njia ya hadithi, kila mmoja akajitafutia maneno yake katika majadiliano na mazoezi, kama Fabian alivyoona mwaka 1986 alipofuatilia utayarishaji wa mchezo mmoja wao kuhusu madaraka. Waigizaji wanawake walikuwamo. Mke aliyeshtakiwa jukwaani hakungoja kibao cha maandishi wala msimulizi mwenye maelezo ya Kifaransa: alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake, na aghalabu jibu lake ndilo lililoangusha ukumbi kwa kicheko.

Sheria ilichelewa kuliko jukwaa. Tarehe 1 Agosti 1987 Zaire ilitangaza Kanuni ya Familia, kazi kubwa iliyokusudiwa kuunganisha mila na sheria iliyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji. Kifungu chake cha 467 kiliadhibu uzinzi wa mke bila sharti, ilhali uzinzi wa mume uliadhibiwa endapo tu ulifanyika katika hali ya kumtukana vikali mkewe; mume aliyetumia busara na kufunga mlango hakuwa na kosa. Kifungu cha 444 kilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, na kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria ambalo lingemfunga yeye mwenyewe, hata kama ni yeye aliyekuwa na duka sokoni Kolwezi na mume hana kazi, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na mishahara ya Gécamines kukauka. Sharti hilo la ruhusa liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, likiwa limedumu miaka 29.